Baba Awe wa Ngapi

Rissne, 14 Septemba 2008

Ndugu Okech,

Najua utacheka ukiona stempu. Mtu yuko Rissne, wewe uko Bredäng, treni ya buluu na treni nyekundu zinakutana mjini kila dakika chache, halafu anakuandikia barua! Lakini simu haina faida kwangu tena. Uvimbe wameutoa na sauti imekwenda nao. Sasa napumulia tundu shingoni. Kusikia nasikia vizuri tu. Aurore amenipa kibao cheupe na kalamu ya kufutika. Mimi namwandikia binti yangu Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi, na nyumba inakwenda.

Mwenzetu Shalom amenipitia akaniambia kikundi chetu cha kusoma hakijavunjika. Nimefurahi. Tangu mwaka jana, Waswidi waliporuhusu tena ngumi za kulipwa, tumekunywa kahawa nyingi ya kanisa tukiwabishania mabondia wa uzito wa juu walionyimwa ubingwa kwa sababu ya ngozi yao. Tusije tukaishia kwenye kahawa. Tarehe 22 Novemba watu watajaa pale ukumbini Sundbyberg kusikia orodha yetu ya hao walionyimwa, na mimi ndiye niliyekuwa niitangaze, mkono hewani, kama mtangazaji wa ulingoni. Kazi hiyo nakuachia wewe na sauti yako ya mwalimu wa hesabu.

Sita wa kwanza sina ugomvi nao tena. Sam Langford juu, nimekubali, ingawa moyo wangu uko kwa Peter Jackson, maana yeye alifungiwa mlango kabla ya wenzake. Kisha Harry Wills, Joe Jeannette, Sam McVea, George Godfrey. Nafasi ya saba tuliiacha wazi. Naomba baba yangu, Évariste, awekwe hapo.

Baba alipigana Bukavu na Uvira wakati wa Wabelgiji. Mwafrika alipigana na Mwafrika mwenzake tu. Ubingwa ulikuwa wa klabu ya Wazungu, na yeye klabuni aliruhusiwa kufagia. Sasa ni mzee sana na moyo wake ni mbovu. Nataka asikie kwamba amehesabiwa, masikio yake yakiwa bado yanasikia. Sina ombi lingine mwaka huu.

Nduguyo,
Norbert


Bredäng, 19 Septemba 2008

Ndugu yangu Norbert,

Barua yako nimeisoma mara mbili ndani ya treni nikapitiliza kituo changu. Pole sana. Kimya chako kitatusumbua sisi kuliko wewe, maana wewe ndiye uliyekuwa ukituchekesha.

Sasa nikuambie jambo utakalolichukia. Baba yako siwezi kumweka.

Usinielewe vibaya, bwana. Langford tunamjua kwa mapambano yake: alipigana na nani, wapi, ikawaje. Jeannette na McVea walipigana kule Paris raundi arobaini na tisa, wakianguka na kuinuka, na waliokuwapo waliandika. Kwa mzee wako nina neno lako tu. Neno lako ni zuri, lakini wewe ni mwanawe. Shalom naye ana mjomba aliyepiga ngumi Bujumbura. Mimi kwetu Kisumu nina amu ambaye, ukimsikiliza baada ya chakula, aliangusha bara zima. Tukianza hivyo, orodha itajaa wazee wetu na Langford atakosa pa kukaa. Watu watasema: hawa walianza na historia wakaishia na ukoo.

Nafasi ya saba nimeifuta. Tutasoma sita.

Kula vizuri. Mke wangu Wanjira anauliza kama uji unapita.

Okech


Rissne, 25 Septemba 2008

Mwalimu,

Uji unapita. Barua yako ndiyo iliyokwama.

Unataka magazeti. Magazeti yalikuwa ya nani? Waliomnyima baba ulingo ndio hao hao waliokuwa na mitambo ya kuchapa. Unamwomba mwizi risiti, Okech. Langford angalau alipigana Amerika, wakamwandika huku wakimkwepa. Hata Jack Johnson, mweusi mwenzake, alipoupata ubingwa hakumpa nafasi. Sasa wewe umeshika kalamu na unafanya kazi ya Johnson: umeshaingia ndani, unafunga mlango nyuma yako.

Nimemwandikia baba nikamwambia kuna Mkenya anamkataa. Barua amekwenda nayo Mama Godelieve, anapita Kigali na kuvuka hadi Bukavu, atarudi na jibu. Dada yangu Olive ndiye anayeishi naye. Ana anwani yako ya mtandao pia, nilimpa nilipolazwa, maana mimi mambo ya kompyuta siyawezi. Baba atakujibu mwenyewe. Ngojea uone.

Norbert


Bukavu, 5 Oktoba 2008

Yaya Norbert, kaka yangu mkubwa, hapa ni mimi Olive ninayeandika. Baba amesema niandike vile anavyosema, nisisahihishe kitu. Maneno yake ni haya:

Mutoto wangu, nimesikia munanipanga. Asanti. Usimukasirikie ule Mukenya. Mutu anayepanga batu lazima aulize, na anayeulizwa lazima aseme kweli.

Sasa mimi nakuuliza wewe. Kama mimi ni wa saba, Damas ni wa ngapi? Damas alinipiga Uvira. Akanipiga tena hapa Bukavu, na ile siku nilipofungua macho batu walikuwa wameisha kwenda kwabo. Mimi niliwapiga wengine wote, yeye sikumuweza.

Ule Muzungu bingwa wa klabu alikuwa anakuja asubuhi kujipima na sisi, mulango umefungwa, hakuna mutu wa kuona. Damas alimuangusha. Wakamutuma mbali kwa kazi ya barabara, hakurudi kwa ngumi tena. Mimi nilibaki, sababu mimi sikumuangusha. Usiandike nilimuhurumia. Sikumuweza. Alikuwa na mukono wa kushoto mubaya.

Damas alikufa bila mutoto. Hana mutu Ulaya wa kumuandikia. Kama unaniweka mimi na unamuacha Damas, basi na wewe unafunga mulango. Mimi nikae chini yake. Ni pale nilipokuwa.

Baba yako,
Évariste

(Yaya, baada ya kusema hivyo alidai kiti kiwekwe uani, akamwonyesha mtoto wa jirani namna ya kuinua bega. Alichoka, lakini alifurahi. — Olive)


Rissne, 21 Oktoba 2008

Ndugu Okech,

Mama Godelieve amerudi. Nakunakilia barua ya baba neno kwa neno.

Nimeisoma nikaona aibu, kisha nikacheka bila sauti mpaka Aurore akadhani nimepaliwa. Miaka yote hii nimesimulia watu kwamba baba hakuwahi kushindwa. Nilipokuwa mdogo nilipigana na watoto wenzangu kwa ajili ya jambo hilo. Na yeye ananiambia aliamka ukumbi ukiwa mtupu!

Kwa hiyo naomba upya. Damas wa saba. Évariste wa nane. Najua niliomba nafasi moja ukakataa, sasa naomba mbili. Fikiri, unijibu upesi.

Norbert


Kutoka: Olive, Bukavu
Kwa: Okech
27 Oktoba 2008

Kaka Okech,

Hatujaonana, lakini wewe ndiye yule Mkenya mbishi, kwa hiyo nakujua. Naandika kutoka kwenye chumba cha mtandao, watu wanasubiri nyuma yangu. Samahani kama maneno yatakuwa mafupi.

Baba ametutoka alfajiri ya Ijumaa. Moyo. Hakuteseka. Jana tumemzika.

Norbert hajui. Kwetu habari hii haipigiwi mtu simu. Mtu anaendewa, anakaliwa karibu, anashikwa, ndipo anaambiwa. Kwenu najua ni hivyo hivyo. Na nikimpigia mimi, nitasema halafu nitasikia nini? Kimya tu. Sitajua kama analia au ameanguka. Kaka yangu hana sauti ya kuniambia yuko hai.

Aurore nimeogopa kumwambia. Ni mtoto mzuri, lakini amekulia huko. Atamwambia mlangoni kabla hata hajavua koti.

Norbert anakutaja wewe katika kila barua, hata akikutukana. Nenda kwake. Usimwandikie. Nakuomba kama dada.

Olive


Rissne, 29 Oktoba 2008

Okech,

Umekuwaje? Barua ya baba unayo, na jibu hakuna. Kama umekasirika kwa lile neno la Johnson, nisamehe, nilikuwa na homa.

Nimepanga hivi. Mwana wa Shalom ana kamera. Ataturekodi tarehe 22, wewe ukisoma, na Mama Godelieve akienda tena mwezi wa kumi na mbili atampelekea baba kanda. Ataliona jina la Damas likitangulia lake, na atajua nimemsikia. Nimemnunulia na tai, nyekundu, avae siku ya kuangalia. Najua baba. Ataivaa ili akae mbele ya televisheni.

Nijibu basi. Hata kama ni hapana, iwe hapana yako mwenyewe.

Norbert


Bredäng, 31 Oktoba 2008

Ndugu yangu,

Jumapili baada ya ibada nitakuja kwako. Tutalizungumza jambo la baba yako uso kwa uso. Usipike. Mwambie Aurore asitoke.

Okech


Rissne, 9 Novemba 2008

Olive mdogo wangu,

Nilikukasirikia. Nakuambia wazi ili lisibaki moyoni. Baba alikuwa ameshafunikwa udongo, na mimi huku nachagua rangi ya tai. Nilitaka kukuandikia matusi. Halafu nikajiuliza ungefanyaje, nikaona hukuwa na njia nyingine. Sasa imekwisha.

Nikueleze alivyokuja, maana najua unataka kujua kama nilishikwa.

Siku ile nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilivaa shati safi. Nilipanga hoja zangu kichwani, nikamweka Aurore jikoni achemshe chai. Okech akabisha hodi, akavua viatu, akaingia na soksi zake kama mtu anayekanyaga msikitini. Hakunitania. Akakaa kwenye kochi karibu nami, wakati kiti chake cha siku zote ni kile cha dirishani.

Nikamwandikia kwenye kibao: «Saba na nane? Ndiyo au hapana?»

Akakisoma. Akasema, «Norbert, baba awe wa kwanza.»

Olive, mtu huyu amebishana nami mwaka mzima kwa ajili ya Langford na Jackson. Alinifutia baba kwa kalamu nyekundu. Mke wake husema hata kwenye bei ya nyanya hakubali kushindwa. Na sasa anampandisha baba juu ya wote, juu ya Langford, bila kuulizwa mara ya pili.

Nikafuta kibao. Nikaandika: «Lini?»

Akanishika mikono yote miwili, akaniambia.

Nililia, lakini kilio changu siku hizi ni upepo tu unaotoka shingoni. Nilijiona kama mtu anayepiga kelele ndani ya maji. Okech akaniangalia nikihangaika hivyo, akasimama katikati ya sebule akalia yeye. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwao, akilitaja jina la baba, baba ambaye hakumwona hata siku moja. Aurore alitoka jikoni akamkumbatia, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema «babu» kwa Kiswahili. Mama wa Kiswidi wa ghorofa ya chini akapanda mbio akidhani kuna ajali. Aurore akamweleza kwa lugha yao. Yule mama akashuka, akarudi na mshumaa na keki ya mdalasini, akakaa nasi.

Baadaye mchungaji Sixte akaja na kina mama wa kanisa, wakaweka masufuria jikoni na magodoro chini, wakalala kwetu. Kwa hiyo nilishikwa, mdogo wangu. Nilishikwa vizuri.

Tai nimeikunja nikaiweka. Utaipata wewe, uitundike palipokuwa na koti lake.

Yaya wako,
Norbert


Rissne, 12 Novemba 2008

Ndugu Okech,

Asante kwa kulia. Sitaisahau siku ile.

Sasa nakuomba umwondoe baba pale ulipomweka.

Najua ulisema kwa huruma, na ulikuwa na neno gumu mdomoni ukatafuta la kulitanguliza. Lakini hebu fikiri. Wale waliomnyima hawakuangalia ngumi zake, waliangalia ngozi. Ukimpa nafasi ya kwanza kwa sababu amekufa, na wewe hukuangalia ngumi zake, umeangalia kaburi. Mzee wangu atakuwa amekufa bila mtu hata mmoja kumpima kama bondia. Na yeye aliomba apimwe. Alijipima mwenyewe, tena kwa ukali kuliko wewe.

Kama unaamini hafai, mfute kama ulivyomfuta mara ya kwanza. Nitaumia, lakini nitakuheshimu. Kama unaamini anafaa, mrudishe chini ya Damas. Usimpe zawadi. Kitu kimoja tu nataka kwako, nacho ni kile ulichokuwa nacho mwezi wa tisa: ubishi wako.

Norbert


Bredäng, 23 Novemba 2008

Dada Olive,

Norbert ameniomba nikuandikie habari za jana, anasema mimi ndiye mwenye vidole vya kompyuta. Nadhani pia hataki kuisimulia mwenyewe.

Kwanza nikuambie jambo ambalo yeye amelijua juzi tu. Barua ya baba yenu ilikuwa imeshanishinda kabla ya barua yako kufika. Niliisoma mezani, nikamsomea Wanjira. Mtu anayejishuhudia kwamba alipigwa, na kwamba yeye hakumweza yule Mzungu, huyo namwamini hata bila gazeti. Nilikuwa nimeshaandika «saba, Damas, nane, Évariste» kwenye nakala yangu, na nilitaka kumchelewesha Norbert kidogo, nimfanyie utani. Ndiyo maana sikujibu. Ndipo ukaja ujumbe wako, na utani wangu ukanigeukia. Nilipokaa naye kwenye kochi niliona nafasi ya nane ni ndogo mno kwa habari niliyobeba. Nikasema la kwanza lililokuja. Alinirudi kwa barua, akataka nimwondoe baba pale juu, na alinirudi kwa haki.

Jana ukumbi ulijaa: Wakongo, Wakenya, Warundi, Waswidi wachache wa chama cha ngumi, watoto wakikimbia kati ya viti. Kina mama wengi hawajui ngumi hata kidogo, walikuja kwa ajili ya Norbert. Alivaa suti nyeusi na kitambaa cheupe shingoni kufunika lile tundu. Tulipatana hivi: mimi nasoma, yeye anasimama kando yangu ananyanyua mkono kwa kila jina, kama mwamuzi anavyomnyanyua mshindi.

Nikasoma Langford. Mkono ukapanda. Jackson, Wills, Jeannette, McVea, Godfrey. Watu wakapiga makofi kila jina, mpaka watoto wakatulia. Nilieleza kwamba hawa sita wameandikwa, na wawili wanaofuata hawakuandikwa na mtu, tumewapata kwa mdomo wa mmoja wao, na kwamba aliyetupa ushahidi alijiweka mwisho.

Nikasema, «Wa saba, Damas, wa Uvira.» Norbert alinyanyua mkono juu kuliko mara zote, akaushikilia. Makofi yalichelewa kidogo kisha yakaja mengi, na Shalom akasimama, na wengine wakasimama.

Kisha nikafungua mdomo kusema wa nane. Norbert akanizuia kwa kiganja. Akavuta kipaza sauti kutoka mkononi mwangu, akakisogeza karibu, akavuta pumzi, na akalitamka. Nilikuwa kando yake, nikaona midomo ikilitengeneza jina lote, polepole, kama anavyotangaza mtangazaji wa ulingoni. Kwenye vipaza sauti ukasikika upepo tu.

Hakuna aliyepiga makofi. Norbert alisubiri, kipaza sauti mkononi. Nikaona ameanza kuinamisha kichwa, nikataka kukichukua nimalizie mimi. Ndipo Aurore, kutoka safu ya mbele, akalisema kwa sauti, «Évariste.» Baada yake kina mama, na Waswidi wa chama cha ngumi wakilitamka vibaya, na mwisho ukumbi mzima.

Norbert akanyanyua mkono. Akaunyanyua chini kidogo ya alivyomnyanyulia Damas.

Okech